Bahasha za Kaki na Vidole Viwili

Skuta, Nyeri
Alhamisi, mvua imeacha

Nyambura,

Kikombe nilichokurushia Jumanne hakikuwa chako. Kilipita karibu na sikio lako, kikapasukia ukutani, chai ikatiririka hadi kwenye kalenda ya kanisa, na wewe ukanitazama kama mtu aliyeng'atwa na mbwa wa nyumbani kwao. Siku mbili sasa hujanisemesha. Asubuhi umekwenda Mukurweini kumuaga mjomba wako, utarudi na gari la jioni, na kesho saa nne asubuhi unaondoka kwenda ng'ambo. Nina mchana huu peke yake, nami si mtu wa kusema vizuri kwa mdomo. Mdomo wangu na mkono wangu hukimbia pamoja. Kalamu angalau ni ya polepole.

Habari ya sweta, ya dawa na ya kumwandikia pasta hutaziona humu. Umekuwa mkubwa, na mwenye baridi hutafuta nguo mwenyewe. Nataka kukwambia kikombe kile kilikuwa cha nani.

Kilikuwa cha mjomba wako Ngunjiri. Nilikuwa nikilipiga pasi koti lako la safari nilipoikuta mfukoni fomu ya benki, ile ya kumpa yeye ruhusa ya kutoa pesa kwenye akaunti yako ya hapa Nyeri, sahihi yako chini na yake pembeni, imebaki kupelekwa tu. Nilikuuliza kwa upole. Nakumbuka nilikuwa mpole. Ukanijibu bila hata kuinua macho, "Si Uncle atanishikia tu, Mum. Kuna ploti anaangalia Kutus. Anasema msichana hawezi kufuata mambo ya shamba akiwa ng'ambo."

Atanishikia. Baada ya neno hilo sikusikia tena kitu. Nilimwona Ngunjiri amesimama mahali ulipokuwa umesimama, nikarusha.

Nisamehe. Nasema mapema, kwa sababu huko mbele nitakasirika tena na huenda nikasahau.

Nimekudanganya tangu siku ulipojua kuhesabu vidole. Uliushika mkono wangu wa kushoto, ukahesabu moja, mbili, tatu, ukauliza viwili vimeenda wapi. Nikakwambia mashine ya kukatia ng'ombe majani. Na mjomba wako ulipomuuliza jicho lake, alikwambia tawi la mkahawa lilimchoma akivuna. Umekua ukiogopa mashine na matawi. Mwanangu, mashine haikunikata, na hakuna tawi lililomchoma. Tulifanyiana sisi wenyewe, asubuhi moja, na mama yetu ndiye aliyetukuta.

Lakini nikianzia hapo utamwona Ngunjiri kama mnyama, na mimi kama mtakatifu, na yote mawili ni uongo. Nianzie kwenye kodi.

Nilikuwa msichana wa kama miaka kumi na miwili, wakati wa ile Hali ya Hatari ya wakoloni. Babu yako alikuwa amelipa kodi. Najua amelipa kwa sababu nilimwona akimtoa ndume wetu zizini kwenda kumuuza, na nikalia kwa ajili ya yule ndume. Alirudi na risiti. Babu yako hakujua kusoma, lakini alijua karatasi ni kitu cha kutunza, na kwetu kitu cha kutunza kiliwekwa mahali pamoja na mahindi ya mbegu, darini, juu ya jiko, ambapo moshi huzuia wadudu. Akaichomeka humo kwenye nyasi za paa.

Askari walikuja tukikamua. Mmoja alisimama mlangoni akasema, "Risiti!"

"Nimeripa, bwana," baba akasema. "Nimeripa yote."

"Sijauliza kama umelipa. Nimesema risiti."

Baba akapanda juu ya kigoda, akaingiza mkono kwenye masizi, akatoa karatasi zote alizokuwa nazo duniani. Kadi ya ubatizo ya mama. Karatasi ya chanjo ya ng'ombe. Barua ya mtu wa misheni iliyosema sijui nini. Askari alikuwa akizitazama na kuzitupa moja moja kwenye matope, na kila aliyotupa baba alisema, "Basi ni hii ingine." Zilipokwisha, yule askari akamgonga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Meno yalianguka juu ya mkeka tuliokuwa tumeanikia mahindi, na kwa muda sikuweza kuyatofautisha na mahindi. Kisha wakaanza na kiboko.

Ngunjiri alikuwa na miaka kumi na sita. Alikimbia kutoka zizini, akamlalia baba juu, akamfunika. Kiboko kilichokuwa cha baba kikawa chake. Umewahi kuuona mgongo wa mjomba wako akioga pale bombani, ukaniuliza kama aliungua. Hakuungua. Alilala pale bila kulia mpaka mkono wa askari ukachoka. Halafu nyumba ikatiwa moto.

Risiti ilikuwa humo darini. Iliungua ndani ya nyumba iliyochomwa kwa kukosa risiti.

Baba aliishi miaka mingine minne, akila uji na viazi vilivyopondwa. Ngunjiri alipopona alisema jambo moja ambalo sijawahi kulisahau. "Mimi nitanunua shamba. Na itakuwa na karatasi, na hiyo karatasi mtu akiitaka, atanikuta nimeishika mkononi." Mimi nilichojifunza nilikiweka kimya tumboni: karatasi ya serikali haijawahi kuja na neno jema.

Sasa unaanza kuona tulivyotoka pale, kila mtu na ugonjwa wake. Yeye akaugua kupenda karatasi. Mimi nikaugua kuziogopa.

Nilipopata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea uuguzi, ni Ngunjiri aliyeuza baiskeli yake ili nipate nauli. Wengine walichanga, lakini baiskeli ilikuwa yake, na alirudi kutembea kwa miguu kupeleka maziwa. Nilipoanza kupokea mshahara aliniandikia, "Tuma pesa dada yangu, kuna shamba karibu na letu inauzwa, nitakushikia." Nikatuma. Nani angekataa? Mgongo ule ungekuandikia barua, wewe ungekataa?

Nilituma robo tatu ya mshahara kila mwezi, kwa jina lake, kwenye akaunti yake. Yangu sikufungua. Benki ilitaka barua ya mwajiri na barua ya mwenye nyumba, na mimi sikutaka jina langu liandikwe popote. Robo iliyobaki niliitia ndani ya soksi. Chumba kilikuwa cha juu kabisa, chini ya paa, na gesi ilikuwa ya mita. Unatia shilingi, moto unawaka, na shilingi ikiisha unazima hapo hapo hata kama ugali umeanza kutokota. Hilo utalicheka, lakini mimi nililala na koti na viatu majira mawili ya baridi ili Mukurweini ipandwe mikahawa.

Na kosa hili ni langu, sitambebesha mtu. Mwaka wa kwanza, msichana mmoja wa wodi yetu aliniazima koti lenye manyoya shingoni, tukaenda kupiga picha, nikasimama nimeegemea gari la mtu tusiyemjua. Nikaituma nyumbani. Nilitaka mama acheke. Ilitundikwa ukutani, watu wakaja kuitazama kutoka ng'ambo ya mto, na tangu siku hiyo barua za Ngunjiri zikabadilika. Hakuuliza tena kama ninaweza. Alisema kiasi. Nami badala ya kumwandikia kwamba koti si langu, gari si langu, na jana nimekula mkate na chumvi, nilituma zaidi, kwa aibu. Nilimfundisha mwenyewe kwamba mimi ni mti usiokauka. Atakayekuuliza unapata ngapi, Nyambura, mwambie kinachobaki baada ya kula, kodi na moto. Mshahara mzima usiutaje kwa mtu, hata kwangu.

Halafu bahasha za ofisi ya kodi zikaanza kuja. Za kaki, zenye kidirisha, na jina langu likichungulia. Niliijua rangi ile, rangi ya serikali. Ya kwanza niliiona mezani chini ngazini, nikarudi kukaa kwenye ngazi kama mwanamke aliyeishiwa na damu. Nilimwona baba juu ya kigoda. Kodi walikuwa wakinikata kila mwezi, niliiona kwenye karatasi ya mshahara, imekatwa nyingi kupita ya wenzangu, na sikuuliza. Nilijiambia, anayeuliza ndiye anayegongwa mdomoni. Bahasha niliiweka chini ya godoro. Ya pili ikaja, ya tatu. Miaka mitano! Nilipohama chumba nilizihamisha kwenye kitambaa cha ndani cha sanduku, nikazishonea humo. Sikuzichoma, maana karatasi ikichomwa najua kinachofuata.

Majira ya pili ya baridi nikavunja ile mita. Nilikuwa na homa, sina shilingi, na ndani ya lile sanduku la chuma zilikuwamo shilingi zangu zote za mwezi, nazisikia zikilia nikiligonga. Nikachukua pasi ya chuma nikalipiga mpaka likafunguka tumbo. Mwenye nyumba alipanda akanikuta nimepiga magoti naziokota. Alinizaba kofi nikagonga ukuta. Mimi nikamng'ata mkono, nikamng'ata kweli kweli, mpaka nikasikia ladha ya damu yake, na tukaanguka wawili kwenye ngazi. Muuguzi wa wagonjwa, anayefundishwa upole! Nilifukuzwa pale siku hiyo hiyo na sanduku langu. Na humo ndani ya kitambaa cha sanduku hilo, usisahau, zimo zile bahasha.

Nilirudi nyumbani miaka michache baada ya bendera yetu kupanda. Ngunjiri alinichinjia mbuzi. Alikuwa ameoa, mke wake ana mimba, nyumba ya mabati inang'aa, na mteremko wote chini yake ni mikahawa iliyopangwa kwa mistari. Nitakuwa mkweli, lilikuwa shamba zuri. Hakuwa mlevi, hakuwa mvivu, kila senti yangu aliipanda. Nililia kwa furaha nikiitazama, nikashika majani ya mti mmoja nikasema kimoyomoyo, huu ni ule mwezi wa homa.

Siku ya tatu nikamwomba anionyeshe karatasi.

"Karatasi ya nini?"

"Ya shamba. Nione tumeandikwaje."

Akaitoa ndani ya Biblia. Ilikuwa na jina moja.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe ni msichana, Wangui. Utaorewa. Ukiorewa, hii shamba inaenda na wewe? Ati bwana yako, sijui ni nani, akuje hapa kunipimia mpaka?" Hakuwa amekasirika. Alikuwa akinieleza kama unavyomweleza mtoto kwa nini moto unaunguza. "Nitakupea mahali pa kupanda viazi. Hata nyumba ndogo unaweza jenga."

"Ngunjiri, niandikie karatasi ya kusema pesa ilikuwa yangu."

"Karatasi ni mimi," akasema.

Nilitoka nje. Nilikuta jembe limeegemezwa ukutani, nikateremka nalo shambani, nikaanza kuikata mikahawa. Wakati ule, kama sasa, kung'oa mkahawa ilikuwa kesi, mtu hufungwa. Nilijua. Nilikata wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikiitaja miezi, huu wa homa, huu wa mkate na chumvi. Wa nne ulikuwa mgumu, nikaushika shina kwa mkono wa kushoto nipate kupiga kwa wa kulia. Hapo ndipo alipofika na panga.

Anasema alilenga jembe. Nilimwamini kwa miaka kumi, kisha nikaacha, na siku hizi namwamini tena. Panga lilishuka kwenye shina na mkono wangu ulikuwa juu ya shina. Sikusikia maumivu. Niliona vidole viwili viko chini kwenye majani, nikafikiri, hivyo ni vya nani? Halafu nikainua jembe kwa mkono mmoja nikampiga usoni. Mimi nililenga, Nyambura. Usidanganyike na mtu. Nililenga uso wa kaka yangu aliyemlalia baba, na nilitaka afe, na pembe ya jembe ikalitoa jicho.

Nyanya yako alikuja akikimbia akatukuta tumekaa chini, kila mmoja ameshika mahali pake, damu inaingia kwenye udongo wa bei ghali. Alipiga kelele, "Muuane basi! Muuane muishe, mniwache na huo mkahawa wenu!" Kisha akavua kitambaa chake cha kichwa, akakipasua katikati kwa meno. Nusu alinifunga mimi, nusu akamfunga yeye. Kipimo sawa.

Hakukuwa na gari isipokuwa lori la maziwa. Tulilazwa nyuma katikati ya mikebe, miguu yangu kichwani kwake, mpaka Nyeri. Njiani Ngunjiri akauliza, "Utasema nini?"

"Mashine ya majani," nikasema. "Na wewe?"

"Tawi."

Daktari aliandika mashine na tawi. Mpaka leo hakuna mtu aliyefungwa, wala aliyeshtakiwa, wala aliyeomba msamaha. Kila Krismasi analeta gunia la viazi, anakaa kwenye kiti kile cha mlangoni, ananigeuzia jicho lililobaki. Sijamsamehe. Ninampikia chai. Na ulipofika wakati wako wa kuhitaji mjomba, alisimama kama mjomba, na karo yako ya miaka miwili ilitoka kwenye mikahawa ile ile. Ndiyo maana sikukwambia. Ningekwambiaje kwamba mtu unayempenda hivyo ana vidole vya mama yako shambani kwake?

Hospitalini walinikubali baadaye kufunga vidonda na kuchoma sindano, lakini chumba cha upasuaji hakimtaki muuguzi wa vidole vinane. Kidonda kilipokauka nilitoka wodini na sanduku langu, ambalo mama alikuwa ameniletea, na ndani ya soksi pauni chache. Nikaenda benki hapa mjini kuzibadilisha. Karani aliyekuwa dirishani alikuwa kijana mrefu, shati jeupe, kola imeshonwa upya. Nilipokuwa nikihangaika kufungua sanduku kwa mkono mmoja, kitambaa cha ndani kikachanika, bahasha za kaki zikamwagika mbele ya foleni nzima.

Akatoka akanisaidia kuziokota. "Madam, hizi hujafungua hata moja?"

"Usiziguse."

"Ni za nini?"

"Za kodi."

"Si ndio ufungue!" Na kabla sijasema neno akachukua rula, akaipitisha, akaichana ya kwanza.

Nilimzaba kofi. Kwa mkono mzima, mbele ya wanawake wa soko na mzee mmoja wa kanisa. Rula ikaruka. Alisimama akishika shavu, halafu, badala ya kuniita wazimu, akaisoma ile barua mpaka mwisho, na ya pili, na ya tatu, huku foleni ikinung'unika. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Hawa watu wanakuomba ujaze fomu uchukue pesa yako. Wamekata zaidi. Kila mwaka wanakuomba."

Miaka mitano, Nyambura. Nililala na viatu, nikamng'ata mtu, na chini ya godoro langu palikuwa na barua zinazoniomba nichukue pesa zangu. Moja tu ndiyo iliyodai, kidogo, na hata hiyo ilikuwa halali. Nililia pale benki kwa kelele ambayo sijawahi kulia kwa ajili ya vidole. Nilimlilia baba. Laiti angejua kwamba kuna mahali duniani ambapo karatasi husema, tulikukosea, njoo uchukue.

Kijana yule ndiye baba yako. Muchemi wangu, Mungu ampumzishe, alinijazia zile fomu jioni baada ya kazi, miezi ikapita, cheki ikaja kwa jina langu. Alikuwa akipenda kusema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nilikuwa nikimwambia yeye ndiye daftari langu. Kwa cheki ile nilinunua ploti hii ya Skuta kabla hatujaoana, na ofisi ya ardhi karani aliniuliza, "Bwana yako ako wapi?" Nikaweka mkono wa kushoto juu ya meza, vile vidole vitatu, nikamwambia aandike. Akaandika. Kitanda ulichozaliwia kilisimama juu ya bahasha za kaki.

Sasa unajua. Sikukatazi kumsaidia mjomba wako. Anakudai kidogo, na mimi namdai, na yeye ananidai baiskeli, na hatutamaliza. Mpe. Lakini mpe kwa mkono wako, kutoka akaunti yenye jina lako na sahihi yako peke yake, na ukitaka kununua ploti Kutus au mwezini, andika Nyambura wa Muchemi. Atakwambia msichana haandikwi. Atasema bila ubaya, ndivyo anavyoamini, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwizi ungemkataa. Yeye ni mtu mzuri mwenye kosa moja, na ukimpa nafasi ya kulirudia, siku moja mmoja wenu ataokota jembe. Una hasira zangu. Niliona Jumanne mkono wako ulivyokunjika kabla haujakunjuka.

Na kuna jambo lililonitisha kuliko fomu. Ile barua ya hospitali unayokwenda kufanyia kazi, ya kaki, yenye kidirisha, imekaa juu ya kabati siku nne. Nilikuuliza, ukasema, "Nitasoma kesho, Mum." Jumatatu nayo ukasema kesho. Mwanangu, hukuzaliwa wakati wa kiboko. Hujaona nyumba ikiungua. Umeitoa wapi hofu hiyo, kama si kwangu, kunitazama nikigeuza uso kila tarishi akipita? Baba yako ndiye aliyekuwa akifungua barua zote za nyumba hii. Tangu afe nakuachia wewe, na mimi nimekuwa nikijifanya miwani yangu ni mibaya. Leo mchana nimeipanda stuli nikaishusha ile ya hospitali. Nimekaa nayo mapajani mpaka mvua ikaisha. Sikuifungua, kwa sababu ni yako, lakini nilikuwa tayari, naomba uniamini.

Fomu ya benki niliiokota kwenye vipande vya kikombe nikaianika. Ina doa la chai lakini inasomeka, sahihi zenu zote mbili zinaonekana. Nilitaka kuichana. Mkono huu umeshachana na kukata vya kutosha, na nikiichana mimi utakuwa umetii tu, hutakuwa umeamua. Kwa hiyo iko humu pamoja na barua hii. Kesho tutapita mbele ya benki kabla ya kupanda gari, watakuwa wamefungua. Ukiingia, nitakusubiri nje na mizigo. Usipoingia, tutatembea. Sitauliza, na sitarusha kitu.

Utakaporudi jioni hii utakuta nimelala, au nimejifunika blanketi nikijifanya. Barua utaikuta juu ya koti. Nimeitia katika bahasha ya kaki makusudi, nimeandika jina lako tu, bila kusema imetoka kwa nani, ifanane na ile ya hospitali iliyo chini yake.

Kama umefika kwenye mstari huu, basi umeifungua. Mimi ilinichukua miaka mitano na vidole viwili. Sasa fungua ile nyingine.

Mama yako,
Wangui